Sukari ya Lugazi, Zambarau ya Kolkata

Assalaam aleikum, wazee wangu, na vijana hamjambo. Nimewaona pale mlangoni mkitia sukari kwenye chai, wengine vijiko vitatu, na daktari hayupo. Sisemi sukari ile imetoka Uganda, ila habari niliyokuja nayo leo inaanzia kwenye shamba la miwa la huko.

Ukitoka Kampala kwenda Jinja utapita Lugazi. Hapo, mwaka 1924, Nanji Kalidas Mehta, Mgujarati aliyevuka bahari akiwa bado mvulana, alisimamisha kiwanda cha sukari. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi, na jamaa wa Mehta wakaondoka pamoja na wenzao. Baadaye walirudi wakakifufua kiwanda. Mjukuu wa Nanji ni Jay Mehta. Huyu, pamoja na mkewe Juhi Chawla na Shah Rukh Khan, ndio walioinunua Kolkata Knight Riders, timu ya kriketi ya huko India, mwezi Januari 2008. Shah Rukh Khan sina haja ya kumtambulisha, kina mama wa mji huu wamelia naye sana mbele ya televisheni. Kampuni yake ina asilimia 55, ya kina Mehta 45. Bei ilikuwa dola milioni 75.09.

Nimesema wameinunua timu, nami nimekosea, maana siku ile timu haikuwapo. Hapakuwa na mchezaji hata mmoja, wala kocha, wala jezi. Uwanja ulikuwapo, Eden Gardens, mkubwa na wa zamani, lakini si wao waliouuziwa. Kilichouzwa ni ruhusa ya kuutumia mji wa Kolkata kama jina katika ligi mpya ya India, IPL. Miji minane iliuzwa namna hiyo siku moja, kama viwanja vya kujenga. Mumbai ilikwenda kwa milioni 111.9. Jaipur ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote, milioni 67, na ndiyo iliyochukua kombe la kwanza. Wenye pesa zao walinyamaza.

Sisi tuliokulia kwenye kriketi ya zamani tulicheka. Mimi ujanani nilikuwa mwandishi wa alama katika mechi za klabu hapa Mombasa: penseli mbili, daftari, posho soda moja na sambusa. Mchezo ulianza asubuhi na mara nyingi ulimalizwa na giza. Kriketi ya kimataifa ya kale, ile iitwayo Test, huchukua hadi siku tano. Sasa tunaambiwa kila upande urushiwe ova 20, yaani mafungu ya mipira sita sita, mipira 120 basi, na kwa saa tatu na kitu watu wameshakwenda makwao. Tukasema huo ni mchezo wa kitoto.

Tarehe 18 Aprili 2008 mechi ya kwanza kabisa ya ligi ikachezwa Bangalore. Kolkata wakaanza kupiga. Akaingia Brendon McCullum wa New Zealand, akarushiwa mipira 73, akatoka na mikimbio 158, ndizo alama za kriketi, bila kutolewa. Mara 13 mpira ulivuka mpaka bila kugusa ardhi, kila mara mikimbio sita. Wenyeji wote kwa pamoja walipata 82. Mtu mmoja kawapita timu nzima, na akabakiza karibu nyingine! Tangu usiku ule sikumsikia tena mzee yeyote akisema mchezo wa kitoto. Walisema si kriketi, lakini walikuwa wanatazama.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Timu kama hii ni ya nani?

Kwetu jibu ni rahisi. Mtu ni Gor au ni Ingwe, ni Simba au ni Yanga, na kabla ya kuzaliwa kwake babu alishaamua. Kolkata hawakuwa na babu wa kuwaamulia. Walipewa timu kama mtu anavyoletewa mchumba aliyechaguliwa na wengine. Lakini ndani yake alikuwamo mtoto wa nyumbani, Sourav Ganguly, aliyewahi kuwa nahodha wa India. Watu wa Kolkata humwita Dada. Msicheke. Kwa Kibengali dada ni kaka mkubwa. Ligi yenyewe ilijua nguvu ya jambo hilo, ikaweka sharti kwamba mchezaji nembo wa mji alipwe asilimia 15 zaidi ya mwenzake anayelipwa juu kuliko wote katika timu.

Miaka mitatu ya mwanzo ilikuwa mibaya. Wa 6, kisha wa 8, yaani mkiani kabisa, kisha wa 6 tena. Mwaka huo wa mkiani, 2009, ligi yote ilihamishiwa Afrika Kusini kwa sababu ya uchaguzi mkuu wa India. Ligi yaweza kufungasha ikaenda bara jingine, na mechi za Kolkata zikachezwa bila Kolkata! Hiyo peke yake ingetosha kutujibu, lakini mashabiki hawakuiona hivyo.

Januari 2011 ukafanyika mnada mpya. Mnada hasa, mtu na nyundo yake. Jina la Ganguly lilipotajwa, hakuna aliyenyoosha kibao. Si Kolkata, si mwingine yeyote. Kolkata wakatoa dola milioni 2.4 kumchukua Gautam Gambhir, mtu wa Delhi, wakamfanya nahodha. Mji ukawaka. Mabango yakaandikwa kwamba bila Dada hakuna Knight Riders. Wenye timu wakatulia kimya, kama mwenye duka anayesubiri mteja amalize kufoka.

Mwaka uliofuata, tarehe 5 Mei 2012, Ganguly akarudi Eden Gardens akiwa nahodha wa timu ya Pune. Hebu jiweke kwenye viti vile. Umevaa jezi ya zambarau ya timu yako, na anayeingia kupiga dhidi yako ni yule uliyempigania. Unamshangilia nani? Uwanja uligawanyika. Wengine walishangilia kila alichofanya Ganguly, timu ya mji ikawa mgeni kwenye uwanja wake. Kolkata walishinda kwa mikimbio 7 tu. Wiki tatu baadaye walichukua kombe kule Chennai, wakifukuza 191, yaani mikimbio waliyohitaji ili washinde, na shujaa akawa Manvinder Bisla, aliyepata 89. Mji uliokuwa umenuna ukaingia barabarani kushangilia. Mwaka 2014 wakachukua la pili.

Kwa hiyo mimi nasema, na mnaweza kunipinga: timu ya aina hii ni duka. Ina wateja, haina ukoo. Ila sijaona duka jingine ambalo mteja wake hulia bidhaa ikiharibika.

Mtazameni Sunil Narine, mrushaji wa Kolkata. Anatoka Trinidad, uso haucheki, hata akipata wiketi, yaani akimtoa mpigaji, utadhani amepokea bili ya umeme. Walimnunua mwaka 2012 kwa dola 700,000. Ana namna ya kuushika mpira, na anapouachia vidole vinafanya kitu kidogo sana, mpigaji hajui utapinda kushoto au kulia hadi umeshadunda mbele yake. Sasa kampuni ile imepanuka. Ina Trinbago katika ligi ya Karibi, ina Abu Dhabi katika ligi ya Falme za Kiarabu, ina Los Angeles kule Marekani, zote zikibeba jina la Knight Riders. Na zote nne Narine amezichezea. Anahama nchi, anahama msimu, mwajiri ni yuleyule. Kwetu tunaitambua hali hiyo: wangapi hapa wana ndugu aliyeko Ghuba kwa mkataba, akimaliza anahamishiwa tawi jingine?

Pesa nayo ina mambo yake. Kila timu ina kikomo, hairuhusiwi kumwaga ovyo, na wageni uwanjani kwa kawaida hawazidi 4 kati ya 11. Kwa hiyo ukitoa nyingi kwa mmoja, wengine unawatafuta kwenye senti zilizobaki. Desemba 2023 Kolkata walimnunua Mitchell Starc, Mwaustralia mrushaji wa mpira wa kasi, kwa rupia milioni 247.5. Haijawahi kutokea kabla yake. Mechi mbili za kwanza alirusha ova 8, akapigwa mikimbio 100 kamili, wiketi hakuna. Mahesabu ya kila mpira yakaandikwa kwenye simu za watu, mpira huu umetugharimu kiasi gani, na ule je. Kisha ikaja fainali, tarehe 26 Mei 2024. Katika ova ya kwanza Starc akarusha mpira mmoja ukajikata, ukamwacha Abhishek Sharma wa Hyderabad amesimama, umeshagonga kigogo nyuma yake. Hyderabad wakaishia 113, alama ndogo kuliko zote katika fainali ya ligi ile. Kolkata wakazifikia kwa ova 10 na mipira 3. Kombe la tatu.

Lakini mimi si Starc ninayemkumbuka. Nitawapeleka nyuma mwaka mmoja.

Tarehe 9 Aprili 2023, Jumapili, mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa kwa jirani yangu muuza vipuri vya pikipiki, milango ya duka nusu imefungwa, tumeinamia simu iliyoegemezwa kwenye kopo la grisi. Ilikuwa saa kumi na kitu alasiri. Nje mama mmoja alishaanza kukaanga viazi karai vya futari, harufu inaingia, na sisi midomo imekauka. Kolkata walikuwa Ahmedabad, wanafukuza 205. Ova ya mwisho, wanataka 29. Jirani yangu, Mgujarati, shabiki wa timu ya huko kwao, alishaanza kunipa pole.

Mpira wa kwanza, mkimbio mmoja. Zimebaki 28 kwa mipira 5. Sasa anayepiga ni Rinku Singh, kijana mwembamba wa Aligarh, baba yake alikuwa akisambaza mitungi ya gesi majumbani. Timu ilimnunua kwa rupia milioni 5.5. Mrushaji Yash Dayal akarusha, Rinku akapiga: sita. Wa pili: sita. Jirani akanyamaza. Wa tatu: sita. Hapo intaneti ikakwama, kile kiduara kinazunguka, na mimi nikatamka neno ambalo mtu aliyefunga saumu hapaswi kulitamka. Picha iliporudi Rinku alikuwa amekwisha kimbiliwa na wenzake wote. Tulirudisha nyuma tukaona: sita, na sita tena. Jirani akasema, "Bwana, huyu si mtu." Akafunga duka.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana ndiyo majibu ya swali langu kuliko maneno yangu yote. Mwisho wa 2024 kila timu iliruhusiwa kubaki na wachache, waliosalia warudi mnadani. Rinku akabakizwa, kwa rupia milioni 130. Nahodha Shreyas Iyer, aliyeinua kombe mwezi Mei, hakubakizwa. Novemba mnada ukafanyika Jeddah, ndiyo, Jeddah hiyohiyo mnayoteremkia mkienda Umra, na Punjab wakamnunua kwa milioni 267.5. Starc naye akaenda Delhi. Msimu wa 2025 Punjab ya Iyer ikafika fainali. Kolkata wakamaliza wa 8 kati ya timu 10.

Jirani yangu ananiuliza mpaka leo kwa nini bado nafuata timu ambayo mwenyewe nimeiita duka. Nimemjibu kwamba yeye ana duka, na kila asubuhi naja kukaa pale bila kununua kitu.

Naona mkono kule nyuma. Ndio, kijana, uliza, ila haraka kidogo, muadhini hatusubiri.