Anayechezewa sio wewe

Haya jamani tukae, viti vipo huku mbele. Leo ni muziki na ngoma za ibada za Thailand. Naanza na Bangkok, kwenye njia panda ya Ratchaprasong. Pale pana sanamu ya Brahma, mungu wa Kihindu mwenye nyuso nne, ya kwanza iliwekwa 1956 baada ya ujenzi wa hoteli ya hapo kuandamwa na mikosi, na mpaka leo watu wanaenda kuomba kazi, mtoto, mtihani, wakishapata wanarudi kuondoa nadhiri. Wanaiondoaje? Wanalipia ngoma. Unachagua wachezaji, wawili mpaka wanane kulingana na mfuko wako, unaandika jina lako, unapiga magoti, wao wanaimba na kucheza na jina lako linatajwa humo humo. Watalii wanapiga picha wakidhani ni shoo, kumbe wale wadada wameelekea sanamu, anayechezewa ni yule pale sio sisi. Mkishika hilo, mengine yote yatakuja yenyewe.

Bendi yao ya ibada inaitwa pipati. Kuna marimba ya mbao, kuna patu 16 zimepangwa duara na mpigaji kakaa katikati (upatu wa kupiga jamani, sio wa kuchanga hela), na kuna pi, ambayo ukiisikia utasema hilo si zumari la Lamu hilo! Ila mkubwa wa wote ni taponi, ngoma ya pande mbili, hiyo ndo inabeba mwalimu wa kimungu wa mapigo. Inavishwa maua, inawashiwa ubani, inakaa juu kuliko vyombo vingine, na ole wako uruke chombo chochote kwa mguu.

Na kujifunza sasa, hapo ndo penyewe. Huanzi tu kugonga. Mwalimu anakaa nyuma yako, anashika mikono yako miwili na fimbo zake, mnapiga pamoja mara tatu mwanzo wa Satukani, wimbo wa kuwaita miungu na walimu, yaani mikono yako inapigishwa na yake, na yake ilipigishwa na ya mwalimu wake, rudi nyuma hivyo hivyo. Kila mwaka wanafanya waikru, kuwasalimu walimu walio hai na waliokufa, mara nyingi Alhamisi maana ndo siku ya walimu, na mchezaji anavishwa kichwani kinyago cha mzee mtawa wa msituni. Mi naona hii inashinda cheti.

Kuna nyimbo hazifundishwi ovyo. Ya Pirapi, jitu la kutisha la kwenye imani yao, wengi wanaamini ukiikosea unaumwa au unakufa, kwa hiyo hata mwenye kipaji anasubiri ruhusa.

Nimeona swali, kwani hawa si Wabudha, miungu ya Kihindu imetoka wapi? Kwao havigombani. Mtawa mwenyewe haruhusiwi kucheza wala kutazama ngoma, lakini sherehe ya hekaluni bila pipati haijanoga. Kusini mwa Thailand ndo utashangaa, kwenye Nora, ngoma ya kucheza na kuigiza ya huko, ambayo UNESCO waliiandikisha 2021, hata Waislamu wenye ukoo wa Nora wanashiriki. Ibada yake ya mababu inaanza Jumatano mpaka Ijumaa, mababu wanapanda kwa watu, watu wa pwani hapa mnacheka mnajua nasema nini, wanasalimiwa, wanachezewa, halafu mwishoni kinakatwa kifungo, nadhiri imekwisha, mababu hawadai tena.