Kaa Kwanza Kwenye Kiti Chake

Wazazi wenzangu, walimu wenzangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nianze kwa kukiri kosa. Nimefundisha hesabu miaka mingi, na sikumbuki ni wanafunzi wangapi nimewaamuru wavue kofia za sweta darasani. Mmoja alikuwa kijana wa miaka 14, mpole, asiye na neno na mtu. Nilimwambia, "Hapa si kitandani, vua hiyo." Akavua. Tangu pale hadi kipindi kikaisha hakuandika hata namba moja. Kwenye ripoti yake nikaandika: ana uwezo, ila ni mvivu.

Binti yangu alipogundulika kuwa na usonji (autism), yaani hali ya ubongo kupokea na kuchakata mambo kwa namna tofauti, akiwa na miaka 13, ndipo nilipojua ile kofia ilikuwa na kazi gani. Ilimkinga yule kijana na mwanga wa pembeni na kupunguza makelele ya nyuma yake. Mimi nikamnyang'anya, kisha nikamlaumu kwa kuwa hasomi.

Jambo hili la hisi si geni. Daktari wa akili wa watoto aitwaye Leo Kanner alipoandika habari za watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, tayari alieleza jinsi baadhi yao walivyotishwa na sauti kubwa. Lakini ni toleo la tano la mwongozo wa utambuzi unaotolewa na Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani, la mwaka 2013, lililoweka wazi miongoni mwa vigezo vya usonji hali ya hisi kuzidi mno au kupungua mno. Ni miaka 70 hapo katikati. Kwa hiyo mwalimu aliyesomea ualimu zamani asionekane mtu mbaya kwa kutolijua. Na tusiishie kwenye macho na masikio. Kuna hisi ya usawa wa mwili, kuna ya kujua mkono na mguu viko wapi, kuna ya ndani inayomwambia mtu ana njaa au amebanwa na haja. Yupo kijana anayeumia kwa kuguswa begani, na yupo asiyejua kuwa ana kiu mpaka kichwa kimuume.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi niliamua kukilalia. Niliomba ruhusa shuleni kwa binti yangu, nikakaa kwenye kiti chake kipindi kizima, wanafunzi wakiwamo. Yeye siku hiyo alibaki nyumbani, maana kukaa na baba darasani ni adhabu kwa kijana yeyote.

Juu ya kichwa chake palikuwa na taa ya tyubu iliyochoka, ikinguruma. Taa za tyubu za mtindo wa zamani huwaka na kufifia mara 100 au 120 kwa sekunde, kutegemea umeme wa nchi. Wengi wetu hatuoni. Nyuma yangu palikuwa na mlango unaofunguka na kufungwa. Sakafu ilikuwa ya saruji, na kila aliyesogeza kiti alikikwaruza. Nilihesabu mikwaruzo kwa dakika kumi nikafika 34, nikaacha kuhesabu kwa sababu sikuwa nikimsikia tena mwalimu. Mimi, mtu mzima nisiye na usonji! Kisha kengele ikalia. Ilikuwa imefungwa ukutani, hatua mbili kutoka pale nilipokaa.

Ndugu zangu, barua niliyokuwa nimeiandika kabla ya siku hiyo ilisema: "Binti yangu anasumbuliwa na kelele, naomba asaidiwe." Shule ilijibu kwa adabu kwamba imepokea na italizingatia. Wangezingatia nini? Sikuwaomba kitu. Barua ya pili niliandika hivi: "Kengele ikilia akiwa karibu nayo, hawezi kuandika kwa muda wa kama dakika 20 zinazofuata. Tunaomba ahamishiwe safu ya mbele upande wa dirisha, atoke dakika tatu kabla ya kengele ili apite kwenye korido ikiwa tupu, na miguu ya viti vya darasa hilo ivalishwe vipande vya mpira." Mambo matatu tu. Kila moja lina mahali pake na saa yake, na kila moja mwalimu anaweza kulifanya Jumatatu asubuhi bila kusubiri kikao. Yalikubaliwa yote ndani ya wiki moja, na mipira ile ya viti ndiyo walimu wenyewe waliishukuru zaidi.

Hilo ndilo ninalotaka mwondoke nalo hapa: ripoti ya daktari inafungua mlango, lakini haimwambii mwalimu afanye nini. Mzazi na kijana wenyewe ndio wa kumwambia, kwa maneno ya kiti, taa, korido na dakika.

Nimesema kijana, na hapa nataka nikae kidogo. Mtoto wa miaka saba unamvisha hedifoni kubwa za kuzuia kelele na anafurahi. Wa miaka 15 atakwambia heri afe. Balehe imeleta macho ya wenzake, na hasa wasichana hujifunza kujificha: anacheka wenzake wanapocheka, anakaza meno, anashinda hivyo hadi jioni. Akifika nyumbani anatupa mkoba, anajifungia chumbani, haongei, au analipuka kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Shule inakwambia, "Kwetu hana tatizo lolote." Inasema kweli kwa jinsi inavyoona. Wewe andika saa na tarehe za milipuko hiyo kwa wiki tatu uwapelekee. Kwetu ilijitokeza kwamba jioni mbaya zote zilikuwa za siku za michezo, na chanzo kilikuwa chumba cha kubadilishia nguo: mwangwi, manukato ya kupuliza, na watu kugusana. Dawa ilikuwa kumruhusu aje na nguo za michezo ndani ya sare.

Kwa hiyo msaada unaomwaibisha kijana hataugusa, na ana haki. Hedifoni tulizonunua ziko kabatini hadi leo. Anachotumia ni vizibo vidogo vya masikio vinavyofichwa na nywele. Ile kadi ya kutoka darasani, ya rangi nyekundu, ambayo shule ilimtengenezea kwa nia njema kabisa, hakuinyanyua hata siku moja. Mwenyewe akapendekeza kuhamisha kalamu kutoka upande wa kulia wa dawati hadi kushoto. Mwalimu akiona, anamtuma ofisini kupeleka daftari. Kule ana dakika tano za kukaa kimya, na darasa zima linajua katumwa tu.

Mtaambiwa, "Tukimruhusu yeye, wote watataka." Darasani kwangu niliruhusu yeyote anayetaka avae vizibo wakati wa zoezi la kimya. Wiki ya kwanza walivaa 11. Mwezi ulipoisha wamebaki wawili, na mmoja wao sikuwahi kumdhania.

Sheria niipitie haraka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unataka katika kifungu cha 24 kila mwanafunzi afanyiwe marekebisho yanayolingana na mahitaji yake, na kifungu cha 2 kinasema kunyimwa marekebisho yanayofaa, yasiyo mzigo uliopita kiasi, ni ubaguzi. Ukijue, lakini usianze nacho. Barua inayoanza kwa vifungu humfanya mwalimu mkuu atafute wakili kabla hajatafuta kiti.

Mitihani ya mwisho iombeeni mapema sana, chumba cha peke yake au muda wa mapumziko, kwa sababu mara nyingi wasimamizi huuliza kama mwanafunzi amezoea kufanya hivyo katika mitihani ya kawaida. Kama hamkuanza mwaka wa kabla, hamna cha kuwaonyesha.

Naona mama pale ameinua mkono. Karibu, mama.

Anauliza: walimu wakibadilika je? Swali zuri sana, limeniuma mwenyewe. Mwalimu wa zamu asiyejua habari ya kalamu alimwambia binti yangu aache kuchezea vitu, akae atulie. Akatulia siku mbili nzima bila kuzungumza na mtu. Sasa tuna karatasi ya ukurasa mmoja, mistari sita, kaiandika mwenyewe kwa mwandiko wake, imebandikwa ndani ya jalada la rejesta ya mahudhurio. Kila mwalimu anayeingia, hata wa siku moja, lazima aifungue ile rejesta aite majina. Mstari wa kwanza unasema: "Nikihamisha kalamu, nitume mahali."