Umbo la Dunia Halijawahi Kuwa Nguzo ya Imani

Ndugu zangu, kila ninaposema kwamba dunia ni tufe, yaani mviringo kama mpira, wala si bapa, husimama mtu, msahafu au Biblia mkononi, akauliza: "Wewe unamwamini nani, Mungu au wanasayansi?" Nimelijibu swali hilo mara nyingi. Leo nalijibu tena kwa sababu bado linawatesa vijana. Hakuna apimaye homa kwa rula. Yako mambo tunayoyajua kwa kusadiki, na yako tunayoyajua kwa kupima. Umbo la dunia ni la kupima.

Waliolielewa hili kabla yetu walikuwa watu wa ibada. Mchukueni al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu aliyezaliwa mwaka 973. Alitaka kukijua kibla cha mji wa Ghazna, katika nchi ambayo leo ni Afghanistan. Hilo ni jambo la sala. Lakini kibla cha mji ulio mbali na Makka hakipatikani kwa kunyoosha kidole. Sharti ujue mji uko wapi juu ya tufe, kisha ukokotoe. Na ili masafa ya misafara yageuzwe kuwa digrii, lazima ujue tufe lenyewe lina ukubwa gani. Akiwa Nandana, katika nchi ambayo leo ni Pakistani, aliupima urefu wa mlima akiwa uwandani, akaupanda, akapima upeo wa macho umeinama kiasi gani chini ya usawa wa jicho. Pembe ndogo mno, kama nusu ya digrii moja! Kwa pembe hiyo na urefu wa mlima alipata nusukipenyo cha dunia, yaani umbali wa kutoka kitovu chake hadi usoni, hesabu iliyo karibu sana na hii yetu ya kilomita 6,371. Hakuwa na chombo cha kumpeleka angani. Alikuwa na mlima, kifaa cha kupimia pembe, na haja ya kujua watu waelekee wapi wanaposujudu. Kila ninapoambiwa kwamba dunia ya mviringo ni uzushi wa wasioamini, namkumbuka mtu huyu akiwa kileleni.

"Lakini aya ya Kurani inasema ardhi imetandazwa." Ndiyo, inasema. Isomeni pamoja na zilizoitangulia: ngamia, mbingu, milima, kisha ardhi. Mtu anaambiwa avitazame vilivyo mbele ya macho yake, amkumbuke aliyeviumba. Hafundishwi jiometri. Nanyi ndugu zangu Wakristo, kitabu cha Ufunuo kinataja pembe nne za dunia. Kwani sisi hatusemi wageni wametoka kila pembe ya dunia? Nani aliwahi kufunga safari kuitafuta pembe hata moja? Twasema jua limezama, wala hatuulizi limezama katika maji gani. Lugha hiyo tunaielewa vizuri tunapoongea sisi kwa sisi. Kwa nini tukifungua maandiko tunasahau?

Linaloniumiza ni hili. Kijana anaambiwa kwamba akikubali dunia ni tufe ameiacha dini. Siku moja anauona ushahidi, na anaukubali kwa kuwa hana pa kuukwepea. Basi anaiacha dini kweli, maana tulimfungia pamoja vitu viwili ambavyo Mungu hakuvifunga. Al-Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alilionya hili alipozungumzia kupatwa kwa jua na mwezi: hesabu za kupatwa huko zina uthibitisho usioacha shaka, na anayedhani kuzipinga ni kuitetea dini, huyo anaidhuru dini. Miaka zaidi ya 900 imepita.

Wengine huniambia, "Nawe unaamini tu, hujawahi kwenda huko juu." Sihitaji kwenda. Mtu wa Ajentina, wa Afrika Kusini na wa Australia, kila mmoja akigeukia kusini usiku, huona nyota zikizunguka nukta ileile. Sasa chora dunia bapa kama wanavyoichora wenyewe, ncha ya kaskazini ikiwa katikati. Watu hao watatu wanatazama nje, kila mmoja upande wake. Nukta moja wataionaje? Nimeuliza kila mahali, sijapewa jibu.

Naona muda unanikimbia, na nilikuwa na mengi juu ya Kanisa. Mtawa Bede wa Uingereza aliandika mwaka 725 kwamba dunia si mviringo kama ngao, ni mviringo kama mpira. Thomas Aquinas, mwanateolojia mkubwa wa Kanisa, alipotafuta mfano wa jambo moja linalothibitishwa kwa njia mbili, alichukua hili la mviringo wa dunia, wala hakuona haja ya kulitetea. Eratosthenes, Mgiriki wa kale aliyeipima dunia kwa vivuli, picha ya dunia iliyopigwa kutoka angani mwaka 1972, habari ya tufe kubonyea kidogo kwenye ncha zake, yote hayo nayaacha.

Ila mwezi utapatwa tena. Mwenye kuswali sala ya kupatwa kwa mwezi na aswali. Akishatoa salamu, ainue macho autazame ukingo wa kile kivuli kinachoupanda mwezi. Ni kivuli cha dunia yetu. Sahani ikimulikwa ubavuni hutoa kivuli chembamba kama mstari, lakini ukingo huu ni wa duara kila mara, mwezi ukiwa utosini na ukiwa chini karibu na upeo.