Mlima Hupandwa kwa Mguu wa Aliye Nyuma

(Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya watembezi wanaojiandaa kwenda milima ya Taita)

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi viti vya mbele, shikamooni.

Walioniita hapa waliniomba nizungumzie uzuri wa milima. Nikawaambia, uzuri wa mlima hauhitaji wakili. Mkifika mtauona kwa macho yenu. Lisiloonekana kwa macho, na ndilo linalovunja safari nyingi, ni mpangilio wa watu kijiani. Nani katangulia, nani kabaki nyuma, na nani mwenye kauli ya kusema "hapa tunasimama". Dai langu jioni hii ni moja tu: safari ya mlimani ni ya yule dhaifu anayevutika nyuma. Kasi ni yake, mapumziko ni yake, na saa ya kugeuka ni yake. Najua kijana mwenye mapaja ya chuma atanung'unika. Anung'unike.

Lakini kwanza niondoe dhana moja. Hapa kwetu watu husema milima ni mambo ya wageni na ya watu wa bara. Sisi ni watu wa bahari, na mwinuko mkali tunaoujua ni kupanda daraja la Nyali kwa baiskeli. Hilo si kweli, na historia ya mji huu inakataa. Misafara ilikuwa ikitoka pwani hii kwenda Taita na Uchaga zamani sana kabla ya reli. Mnamo Mei 11, 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi hapo Rabai, aliona theluji ya Kilimanjaro, na habari zake zilipochapishwa Ulaya, msomi mmoja wa London aitwaye Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akambishia kwamba haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Vitabu vinamtaja Rebmann. Nani aliyemfikisha pale? Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyeijua njia ya Uchaga kabla mgeni wake hajaisikia. Mwaka uliotangulia, 1847, ndiye pia aliyempeleka Kadiaro, mlima ambao leo tunauita Kasigau. Basi mtu akikuambia kupanda milima ni uzungu, mtajie Bwana Kheri.

Na misafara ile ilikuwa na elimu yake ya kutembea. Mbele alikwenda kirangozi, mwenye kujua njia, na mtu hakuruhusiwa kumpita. Nyuma kabisa walikuwa wanyapara, watu wazima wenye nguvu, kazi yao kuhakikisha hakuna anayeachwa. Sababu haikuwa upole. Kati ya pwani na Taita kuna nyika ya Taru, na maji yalikuwa ya kubahatisha: madimbwi ya mvua kwenye miamba ya Taru, kisha mwendo mkavu hadi Maungu na kuendelea. Aliyebaki peke yake kwenye nyika ile alikufa kwa kiu, na mzigo wake ukapotea naye. Kwa hiyo mtu hodari alikaa nyuma. Sisi siku hizi tumegeuza: hodari wanakimbia mbele wapige picha, nyuma tunamwachia mama anayehema.

Wenzangu Waislamu mnalijua jambo hili kwa njia nyingine. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliagiza watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao kuwa amiri, yaani kiongozi wao. Na imepokewa pia kwamba yeye mwenyewe safarini alikuwa akibaki nyuma, akiwahimiza wanyonge na kuwapakia nyuma yake. Sitatoa mawaidha, masheikh wapo. Ninachosema ni kwamba huyo alikuwa kiongozi wa wote, na mahali alipopachagua ni nyuma.

Sasa twende Taita. Kwa nini Taita kabla ya Kilimanjaro? Kwanza ni jirani. Kwa treni au basi unafika Voi, unaingia Mwatate, kisha barabara inaanza kujikunja hadi Wundanyi. Pili, kilele kirefu kuliko vyote, Vuria, kina mita 2,208. Kumbukeni namba hiyo, nitairudia. Tatu, milima ile ni mtoto wa bahari yetu. Ule upepo wa bahari unaowapunga pale ufukweni Mama Ngina jioni umebeba unyevu. Unavuka Mariakani, unavuka Taru bila kuacha hata tone, kwa sababu nchi ni tambarare na joto. Ukigonga ukuta wa Taita unalazimika kupanda, unapoa, na ule unyevu unageuka ukungu na manyunyu. Ndiyo maana Voi pamekauka, migomba na miti ya Wundanyi inameremeta, na umbali baina yao ni wa safari fupi ya matatu.

Mawe ya Taita ni ya kale mno, tofauti kabisa na Kilimanjaro, ambao ni mlima wa volkano na kwa umri wa milima ni kijana. Taita ni kipande cha msururu wa milima unaoshuka hadi kusini mwa Tanzania, ukipitia Pare, Usambara, Uluguru na Udzungwa. Kenya tumepewa kipande hicho kimoja tu. Mingine yote iko kwa ndugu zetu. Kwa kuwa misitu yake imesimama peke yake muda mrefu, imezungukwa na nyika kama visiwa, viumbe vyake vimekuwa vya pale pale. Yuko ndege mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, wataalamu humwita Turdus helleri, haonekani popote duniani isipokuwa milima hiyo. Yuko kinyonga mwenye pembe mbili puani. Msitu wa Mbololo una ua dogo la zambarau ambalo jamaa zake wanauzwa madukani Ulaya kwenye vyungu vya dirishani.

Tutakapokwenda tutaingia Ngangao. Msitu huo hauzidi sana ekari mia tatu. Ni mdogo! Mtu mwenye haraka anaukata na kutoka upande wa pili akisema ameuona. Hakuona chochote. Ndege yule anachakura chini kwenye majani makavu, na kundi likiingia kwa kelele anajificha. Hapa ndipo mwendo wa polepole unalipa hata wenye nguvu: aliye dhaifu anasimama kupumua, wote mnasimama, mnanyamaza, na kile mlichokuwa mkikikimbia kinatokea.

Haya, mpangilio wenyewe. Mbele atakwenda mwenyeji anayeijua njia. Nafasi ya pili, nyuma yake hasa, tunamweka aliye dhaifu kuliko wote, ili mwenyeji asikie pumzi zake na apunguze mwendo bila kuambiwa. Nyuma kabisa anakaa mtu mzima mwenye nguvu, asiye na papara, mwenye mkoba wa dawa. Huyo ndiye mfunga msafara, na akisema simameni, mnasimama. Kwenye njia panda hakuna anayeendelea mpaka mfunga msafara afike. Watu wengi wanaopotea milimani hupotea kwenye njia panda, walio mbele wakidhani walio nyuma wamewaona.

Halafu kuna dhuluma moja ambayo watu huifanya bila kujua, na inaniudhi kuliko zote. Vijana wametangulia, wamefika kwenye jiwe, wameketi, wamekunywa maji, wamepiga soga. Anayevutika nyuma anatokea, jasho linamtiririka. Wakimwona tu, wanasimama: "Haya, twendeni!" Yaani wenye nguvu wamepumzika robo saa, na asiye na nguvu hajapumzika hata dakika. Mkifanya hivyo mara tatu, huyo mtu mmemmaliza, kisha mtasema ni mzito. Kanuni yetu: saa ya mapumziko inaanza kuhesabiwa pale wa mwisho anapoweka makalio chini. Samahani kwa neno hilo, lakini ndivyo ilivyo.

Kipimo cha kasi hakihitaji mashine. Ukitembea na huwezi kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, unakwenda mbio. Waswahili tunapenda mazungumzo, basi tutumie hulka yetu. Kundi likinyamaza kwenye mwinuko, punguzeni.

Mavazi nitayapitia upesi. Hewa hupoa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mombasa ikiwa nyuzi 30, kileleni Vuria ni 17 au chini yake, na kwa ukungu na upepo mtu wa pwani atatetemeka. Chukueni sweta na koti la mvua. Kandambili zibaki nyumbani. Raba yenye meno inatosha, si lazima buti la bei. Kateni kucha za vidole vya miguu, maana wakati wa kushuka vidole hugonga mbele ya kiatu na kucha huweza kung'oka. Akina mama, dera au buibui refu linanasa kwenye mizizi na kuwaangusha kwenye mteremko. Vaeni suruali pana ya kujisitiri na juu yake vazi linalofika magotini. Hilo mtalipanga wenyewe, mimi sina la kuongeza. Chakula: mahamri, tende, mayai ya kuchemsha, njugu. Biriani itatungoja tukirudi.

Chupa za plastiki za kutupa hazifai. Tangu Juni 2020 zimekatazwa katika maeneo ya hifadhi nchini, misitu ikiwemo. Njooni na chupa za kujaza tena.

Nakumbuka niliahidi kurudi kwenye namba ya Vuria. Ugonjwa wa mwinuko, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa usingizi kwa sababu ya hewa haba, kwa kawaida huanza kuwapata watu juu ya mita 2,500. Taita haifiki huko. Ndiyo maana nasisitiza tuanzie pale: tujifunze kutembea pamoja mahali ambapo kosa linaleta uchovu tu. Kilimanjaro ni habari nyingine. Kilele ni mita 5,895, na oksijeni unayovuta pale ni takriban nusu ya ile ya hapa Mombasa. Kule ugonjwa huo hauchagui dhaifu. Mara nyingi unawapata vijana wenye misuli, kwa sababu wao ndio wanaopanda kwa kasi, na nguvu za miguu haziufundishi mwili kuzoea hewa haba. Ghafla hodari wa jana ndiye anayevutika nyuma leo.

Na hapo ndipo tunapoona kundi ni kundi au ni watu waliopanda basi moja. Mwenye kichwa kinachouma huficha. Anaona haya, wenzake wamelipa, wamechukua likizo, hataki kuwaharibia. Anaficha mpaka anaanza kupepesuka kama mlevi au kukohoa na kuhema akiwa ameketi, na hizo ni dalili za kushuka mara moja, hata kama ni usiku. Dawa ya aibu hiyo inatengenezwa huku chini kabla ya safari. Mnakaa mnakubaliana: mtu akisema anaumwa, hakuna wa kumcheka wala kuuliza "una hakika?" Hapandi tena mpaka apoe, na hali ikizidi anashuka, wala hashuki peke yake. Jina la atakayeshuka naye linaandikwa kabla hamjatoka. Mkisubiri kuchagua kule juu, kilele kikiwa kinaonekana, hamtampata wa kujitolea. Wote watatazama kamba za viatu.

Waarabu wana usemi wao: mwenzi kwanza, kisha njia. Kwa hiyo atakayekataa kuandika jina lake kwenye karatasi ile simchukui, hata awe mwanariadha.

Kuhusu wenyeji. Milima ya Taita si mbuga tupu. Ni mashamba ya watu, vijia vingi vinapita karibu na milango ya nyumba. Salimieni. Iko misitu midogo ya kimila iitwayo fighi, na yako mapango yenye mafuvu ya mababu yaliyohifadhiwa kwa heshima tangu zamani. Hatuingii bila mzee wa pale kuturuhusu, na ruhusa ya kuingia si ruhusa ya kupiga picha. Hebu fikirieni mtu aje Mji wa Kale apande juu ya kaburi la babu yako ajipige selfi.

Mzee mmoja ameniuliza mlangoni kama mtu wa miaka sabini aje. Aje, akishapata neno la daktari kuhusu moyo na magoti yake. Atakaa nafasi ya pili, nyuma ya mwenyeji, na kasi itakuwa yake. Saa nane mchana popote tutakapokuwa tunageuka, hata kilele kikiwa hatua mia mbele, kwa kuwa ukungu wa jioni pale hauombi ruhusa na giza la ikweta huanguka upesi.

Basi litatoka Mwembe Tayari saa kumi na moja na nusu alfajiri, baada ya sala. Barabara ya kutoka Mwatate kwenda juu ina kona za kukata maini, kwa hiyo viti vya mbele ni vya wanaotapika garini. Jiandikisheni kwa dada aliye na daftari pale, na msione haya.