Ngao Zisizo na Wenyewe

Asanteni, na poleni na joto. Feni imegoma tangu asubuhi. Kabla sijaanza, namwomba yule kijana wa safu ya tatu aliyevaa jezi ya Barcelona atugeukie tumwone kifua. Ahsante. Mnaiona ile milia ya njano na nyekundu kwenye nembo? Ilikuwa alama ya ukoo wa watawala wa Barcelona. Imo kwenye muhuri wa Ramon Berenguer wa Nne wa mwaka 1150. Mfalme wa mwisho wa ukoo huo, Martín, alifariki 1410 bila mrithi halali. Leo milia ile ni ya majimbo ya Hispania: ni ya Katalunya, ni ya Aragon, ni ya Valencia, na ni ya kijana huyu aliyeinunua mnadani. Hakuomba ruhusa, na hata angetaka, wa kumwomba hayupo.

Hoja yangu ya leo ni hiyo. Alama za makabaila wa Ulaya tunazoziona kwenye nembo za majimbo ya sasa, nyingi zimedumu kwa sababu wenyewe walikwisha.

Asili yake naipitia haraka. Katika karne ya 12 askari farasi walianza kufunikwa uso kwa chuma, na mtu aliyefunikwa uso hajulikani ni nani. Kwa hiyo ngao ikapakwa rangi. Njano na nyeupe zilihesabiwa kuwa madini, yaani dhahabu na fedha. Nyekundu, buluu, nyeusi na kijani ndizo zilizoitwa rangi. Mwiko ulikuwa kuweka madini juu ya madini au rangi juu ya rangi. Fundi yeyote wa kuandika mabango anaijua sheria hiyo bila kufundishwa: njano juu ya nyeupe haisomeki ukiwa ng'ambo ya barabara. Kisha alama ikaanza kurithiwa. Geoffrey, mtawala wa Anjou huko Ufaransa, aliyefariki 1151, amechorwa na ngao ya buluu yenye simba wa dhahabu. Nendeni kanisa kuu la Salisbury, Uingereza, mtamkuta mjukuu wake, William Longespée, aliyefariki 1226. Sanamu yake imelala juu ya kaburi na ngao ubavuni, na simba ni wale wale wa babu.

Sasa nije Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, maana hapo pana utamu. Bendera ya jimbo lile ni vipande vya buluu na nyeupe, umbo lake kama uru kwenye karata. Mtu atakwambia ni alama ya Wittelsbach, ukoo uliotawala Bavaria hadi 1918. Si kweli, au tuseme haikuanza kuwa yao. Ilikuwa ya makabaila wa Bogen, mji mdogo kando ya mto Danube.

Mke wa kabaila wa Bogen, Ludmilla, binti wa ukoo wa watawala wa Bohemia, yaani Cheki ya leo, alifiwa na mumewe mwishoni mwa karne ya 12. Akaanza kutembelewa na Ludwig, mtawala wa Bavaria, mwenye ahadi nyingi na posa hakuna. Hadithi inasema Ludmilla alichoresha mashujaa watatu kwenye pazia la chumbani. Siku moja akamwambia: kama kweli utanioa, apa mbele ya hawa watatu. Ludwig akacheka, akaapa. Kuapa mbele ya picha kuna gharama gani? Pazia likafunuliwa, na nyuma yake walikuwa wamesimama watu watatu wenye macho na masikio. Mimi sikuapii kuhusu pazia, lakini ndoa ni ya kweli: walioana 1204.

Wakapata mtoto, Otto. Mtoto wa Ludmilla wa ndoa ya kwanza, Albert, ndiye aliyebaki na Bogen, naye akafa 1242 bila kuacha mtoto. Urithi wote, mashamba pamoja na ngao, ukamwangukia Otto, ndugu yake wa tumbo moja. Hivyo alama ya Bavaria nzima imepita kwa mama. Leo kanuni inataka bendera ile iwe na vipande visivyopungua 21. Vimo kwenye nembo ya Bayern Munich, na rangi zake zimo kwenye nembo ya gari la BMW. Zile si panga za ndege kama watu wanavyosimulia. Kisa hicho kilitokana na tangazo la 1929. Mwaka 1917 sheria ilikataza biashara kutumia nembo ya nchi, kampuni ikazipanga rangi kinyume, ikapita.

Jirani zao wa magharibi walihitaji marehemu kwa makusudi. Baden-Württemberg iliundwa 1952 kwa kuunganisha watu wasiopatana. Kusini mwa Baden wengi walikuwa wamepiga kura ya kukataa. Utaweka ngao ya nani? Ukiweka pembe za kulungu za Württemberg, Baden wananuna. Mwaka 1954 wakachukua simba watatu weusi juu ya dhahabu, alama ya ukoo wa Staufer, waliowahi kutawala pande zote mbili. Wa mwisho wao, Konradin, alikatwa kichwa Napoli 1268, akiwa na miaka 16. Hakuwa na mtoto wa kumpendelea yeyote.

Wenye koo zilizobaki wakapewa kazi ya kushika ngao. Washika ngao mnawajua: kwenye nembo ya Tanzania ni Bibi na Bwana, kwenye ya Kenya ni simba wawili. Mpangilio ule ulitufikia kutoka huko huko. Pale Stuttgart, makao makuu ya Baden-Württemberg, upande mmoja yupo kulungu wa Württemberg, upande wa pili mnyama wa Baden mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba. Wote wawili wamesimama wima, wakimshikia ngao kijana wa miaka 16.

Naona mzee pale nyuma ameinua mkono tangu niliposema BMW. Karibu, mzee wangu.