Rangi ya Ramani Haijengi Nyumba

Ndugu zangu, wamo humu walionisikia nikiyasema haya mara nne, mara tano. Wanivumilie. Nitanyamaza siku nitakapoacha kuletewa ramani ya rangi, ile inayoonyesha ardhi ipi ijengwe nini.

Mtaa wa zamani, kila kiwanja nyumba moja, unatangaziwa kwamba matumizi ya ardhi yanabadilishwa ili nyumba nyingine zijengwe katikati ya zilizopo. Mkutano unaitishwa, ramani inatundikwa: palipokuwa na njano sasa pana chungwa. Nusu ya ukumbi inapiga makofi, nusu inazomea, na wote wanagombana na rangi. Rangi haijengi hata choo.

Chukueni karatasi. Ndiyo, na wewe wa nyuma. Choreni kiwanja, upana mita 20, urefu mita 30. Mita za mraba 600, si haba. Chungwa inasema nyumba 4 ruksa. Sasa fungueni kanuni zenyewe, kule kurasa za mwisho ambako hafiki mtu. Acha mita 6 mbele. Acha mita 6 nyuma. Acha mita 3 kila ubavu. Futeni. Mmebaki na 14 kwa 18, yaani 252. Zaidi ya nusu ya kiwanja imekwenda na hatujaweka tofali.

Bado. Kila nyumba iwe na maegesho ya magari 2. Nyumba 4, magari 8. Gari moja, pamoja na mahali pa kupitia na kugeuzia, linakula kama mita za mraba 25. Jumla 200. Hapa huwa hakosi mtu wa kuniambia, “Mwalimu, si yakae kwenye zile mita 6 za mbele?” Namshukuru kila mara, maana kanuni nyingi zinakataza hilo hilo. Basi zimebaki mita za mraba 52 kwa familia 4. Tupande juu? Kimo kimeachwa kilekile cha zamani. Haya, wagawieni vyumba.

Mnadhani natia chumvi. Minneapolis, kule Marekani, baraza la jiji lilipitisha mwaka 2018 mpango wa kuruhusu hadi nyumba 3 kwenye viwanja vilivyokuwa vya nyumba moja tu. Sifa zikaenea. Lakini nyumba za namna hiyo zilizoinuka ni chache, na sababu mojawapo ni kwamba ukubwa wa jengo zima ulibaki uleule wa nyumba moja. Ni kama kumwambia mtu alete wageni watatu, kitanda kimoja.

Houston, hukohuko Marekani, kwa upande wake haina hiyo ramani ya rangi kabisa, haijawahi kuipitisha. Ilikuwa na tarakimu: kiwanja kisipungue futi za mraba 5,000. Mwaka 1998 ikaruhusu, ndani ya barabara kuu inayozunguka katikati ya jiji, kiwanja kishuke hadi 1,400. Tarakimu moja tu! Nyumba nyembamba za ghorofa zikaota kwa maelfu. Na wasiotaka je? Walipewa njia ya kukusanya saini, kipande cha mtaa kwa kipande, wakabakiza viwanja vyao vikubwa. Wapo waliofanya hivyo, na ujenzi kwingine ukaendelea. Napenda sana mfano huu kwa sababu hakuna aliyelazimika kumshinda jirani yake mkutanini.

“Kwa hiyo unataka tuzibiwe jua?” Sitaki. Nasema ghorofa mbili, tatu. Na jua ni hoja ya haki, sicheki nayo, ila dawa yake ipo. Auckland, jiji la New Zealand, mwaka 2016 iliruhusu nyumba zaidi kwenye takriban robo tatu ya ardhi yake ya makazi, na vibali vya ujenzi vikaongezeka sana. Kule kuna mstari wa kuwaziwa, wa mshazari, unaopanda kutoka mpaka wa kiwanja. Jengo lisiuvuke, jirani abaki na mwanga wake. Inapimika. Kinachonichosha ni anayelilia jua wakati dirisha lake limefunikwa na mti wake mwenyewe.

Bei, kwa haraka. Ndiyo, kiwanja chenye ruhusa ya kujengwa zaidi kinaweza kupanda thamani. Lakini bei hiyo sasa inabebwa na kaya 4 badala ya moja. Gawanyeni wenyewe. Wapangaji nilitaka kuwazungumzia kirefu, hasa kwa vile mikutano hii huwekwa saa ambazo wao wako kazini, ila naona mwenyekiti ananionyesha saa.

Maji taka naruka, kwa shingo upande. Mkienda kwenye kikao muulizeni mhandisi kipenyo cha bomba la mtaa na mwaka lilipofukiwa. Akiwajibu “bomba lipo”, mrudishieni swali. Na wewe wa nyuma, lete hiyo karatasi, naona umejenga ndani ya zile mita 6.