Shahada Mkononi, Joho Bado: Mazungumzo na Wanafunzi wa Sheria, Chake Chake

Assalaam alaykum, wanangu. Ahsanteni kwa kunisubiri. Najua wapo waliotoka Wete na Mkoani na gari za mwisho haziko mbali, basi niingie ndani moja kwa moja.

Nimeombwa nieleze mtu anatokaje darasani mpaka akawa wakili. Njia yenyewe ukiiandika haijazi ukurasa. Unasoma shahada ya sheria, iwe Tunguu, iwe Dar es Salaam. Unakwenda skuli ya sheria kwa mafunzo ya vitendo, maana shahada peke yake haikupi ruhusa ya kumsimamia mtu mahakamani. Unakaa chini ya wakili mzoefu ukijifunza kazi. Kisha unapeleka maombi, Jaji Mkuu anakuapisha, jina lako linaingia kwenye daftari la mawakili. Na hapo msikie vizuri: Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na daftari lake. Aliyeapishwa Bara hajaapishwa huku. Akitaka kutetea watu Unguja na Pemba, aombe huku.

Hayo mtayapata kwa yeyote. Mimi nataka tukae hapo katikati, baina ya shahada na kiapo, kwa sababu ndipo wakili anapozaliwa.

Nilipokuwa mwanafunzi wa vitendo alikuja ofisini bibi mmoja wa shamba. Amebeba kapu la ukili, karatasi zake amezifunga kwenye pembe ya kanga. Akasema, "Mwanangu, shemeji yangu kaninyang'anya shamba." Mimi na shahada yangu mbichi nikaandika juu ya ukurasa: mgogoro wa ardhi. Kichwani nimeshaanza kupanga hati ya madai.

Mkubwa wangu akaweka kalamu chini. Akamuuliza, "Bibi, ulichonyang'anywa ni ardhi au mikarafuu?"

"Ardhi ya Serikali, baba. Mimi nalilia mikarafuu yangu."

"Nani aliipanda?"

"Marehemu mume wangu."

"Na marehemu ameacha nani na nani?"

Swali la tatu tu, na kesi yangu ya ardhi imegeuka mirathi. Nyinyi mliokulia Pemba mnalijua hili tangu utotoni, lakini darasani halikuwa limeniingia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilichukuliwa na Serikali, watu wakagaiwa eka tatu tatu, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ikaendeleza msingi huohuo kwamba ardhi yote ni ya umma. Mti una habari yake. Mkarafuu unaweza kuwa na mwenyewe wakati udongo ulioubeba una mwengine. Ningelipeleka shauri lile kwenye Mahakama ya Ardhi, bibi angelizungushwa huku shemeji anachuma. Mlango wake ulikuwa kwa Kadhi. Na ukikosea kwa Kadhi, ujue ngazi ya rufaa ni fupi: Katiba ya Zanzibar ya 1984 haiyaruhusu mambo ya Kiislamu yaliyoanzia Mahakama ya Kadhi kufika Mahakama ya Rufani ya Tanzania.

Mikarafuu ikahesabiwa mti kwa mti. Marehemu alikuwa na watoto, kwa hiyo bibi akapata thumni yake, yaani sehemu moja ya nane. Siku ile nilijua kwamba kazi yangu ya mwanzo ni kuuliza, kabla ya kuandika chochote.

Sasa niseme linaloniuma. Ofisi niliyofanyia mafunzo haikunipa hata nauli, miezi minane. Niliweza kwa sababu shangazi yangu alikuwa na chumba Mikunguni na sahani yangu haikukosekana. Mwenzangu mmoja, hodari kuliko mimi, hakuwa na shangazi mjini. Alirudi kwao Micheweni na leo anauza vifaa vya ujenzi. Kazi ya halali, lakini tumempoteza wakili. Wakubwa zangu mliokaa hapa mbele, nawaomba kwa heshima zote: mkimchukua kijana, mpeni walau nauli na chakula cha mchana.

Nalisema hili kwa uzito kwa kuwa visiwa hivi vimeshawahi kuishi bila wakili. Tangu 1970 tulikuwa na Mahakama za Wananchi, na wakili hakuruhusiwa kusimama ndani yake. Katika kesi ya uhaini ya 1973 hadi 1974, iliyofuata kuuawa kwa Rais Karume, washitakiwa walikuwa 81. Mwanasheria Mkuu, Wolfango Dourado, aliyekuwa akiwashitaki, ndiye huyohuyo aliyewekwa kuwasemea. Mtu mmoja, pande mbili za shauri, na waliohukumiwa kifo hawakuwa na wa kwao wa kuuliza hata swali moja. Mahakama hizo zilifutwa katikati ya miaka ya 1980. Wapo wazee wetu wanaozikumbuka.

Kuna binti kaniuliza mlangoni habari za Uingereza. Mwanangu, kule kazi imegawiwa: solisita kwa kawaida humshughulikia mteja ofisini, na kusimama mahakama za juu ni fani ya wengine. Tangu 2021 wana mtihani mmoja kwa wote wanaotaka kuwa masolisita, wenye sehemu mbili. Ya kwanza ina maswali 360 ya kuchagua jibu. Lakini hata ukifaulu yote, hupewi cheti mpaka utimize miaka miwili ya kazi ya kisheria. Na cheti hicho hakikufungulii mahakama zetu.

Gari ya Wete naisikia inapiga honi. Daftari langu la miezi ile minane ninalo hapa mkobani, pamoja na ukurasa ule nilioandika "mgogoro wa ardhi" nikaukata. Atakaye kuliona asogee.